Barua kwa Mwanangu Asumini: Jina Lako Halikutoka Sinemani

South C, Nairobi

Mwanangu mpenzi Asumini,

Assalaam aleikum. Ujumbe wako niliupata Jumatano usiku, nikausoma mara mbili, kisha nikamsomea baba yako, naye akacheka hadi akavua miwani. Umeeleza kwamba wenzako kazini huko Birmingham wamekuuliza iwapo ulipewa jina la yule binti mfalme wa sinema ya Aladdin, kwamba hukujua la kuwajibu, na kwamba kwa kuwa pasipoti yako inakaribia kwisha muda, unafikiria kujiandikisha "Jasmine" ili usiulizwe tena kwa nini karatasi moja inasema hivi na nyingine vile. Unataka kujua jina lako lina maana gani, lilitoka wapi, na kwa nini sisi peke yetu tuliliandika hivi. Nitajibu kwa urefu, maana swali hili nimelingoja miaka mingi.

Nianze na sinema, niimalize. Ilitoka mwaka 1992, nawe ulizaliwa mwaka 1996, kwa hiyo hesabu ya wenzako si mbaya. Lakini mimi niliiona wewe ukiwa darasa la pili, kwa jirani, tena wewe ndiye uliyekuwa ukinieleza nani ni nani. Waambie pia kwamba katika hadithi yenyewe binti mfalme haitwi Jasmine. Anaitwa Badrulbuduri, yaani mwezi mpevu unaoishinda miezi mipevu yote, na jina la ua alipewa na watengenezaji wa sinema. Hata hadithi hiyo haikuwamo katika maandishi ya kale ya Alfu Lela Ulela: Antoine Galland, mfasiri Mfaransa, alisimuliwa na Hanna Diyab, kijana wa Halab, mji wa Syria, walipokutana Paris mwaka 1709, naye akaitia katika tafsiri yake. Na huko Marekani jina Jasmine lilikuwa limekwisha kuingia miongoni mwa majina 30 ya kwanza ya wasichana mwaka 1990, kabla ya sinema kutoka. Sinema ililikuta jina likiwa njiani, ikalipandisha garini.

Sasa maana. Asumini ni ua, basi. Neno ni la Kiajemi, yasaman. Waarabu wakalichukua wakasema yasamin. Kutoka kwao likaenda pande mbili. Upande mmoja lilikwenda Ulaya, Wafaransa wakaliita jasmin, Waingereza wakalipokea kwao, Wahispania wakasema Jazmín, Waitaliano wakapata Gelsomina. Waturuki wanasema Yasemin, na Waarmenia wanawaita binti zao Hasmik, jina ambalo usingelidhania kuwa ndugu yako mpaka uambiwe. Upande wa pili lilishuka na majahazi ya pepo za kaskazi hadi pwani yetu, na huko ndiko ulikotoka wewe. Ulimi wa Kiswahili haupendi konsonanti mbili zibanane bila irabu kati yake, kwa hiyo wazee walitia "u" baina ya "s" na "m", wakaiacha "y" ya mwanzo, wakafunga kwa "i". Ndiyo maana utasikia yasmini, asmini na asumini, na zote ni Kiswahili safi. Niliyefundisha Kiswahili kwa miaka 28 ningekuwa mtu wa ajabu kama ningemwita mwanangu kwa tamko la Kiingereza.

Utakutana na watu watakaokuambia kwamba Yasmin maana yake ni "zawadi ya Mungu". Wewe ni zawadi ya Mungu, sikatai, lakini jina halisemi hivyo. Wengine, kama yule jirani yetu wa zamani pale Majengo, hudhani kwamba Yasmini ni jike la Yasini, jina linalotokana na sura ya 36 ya Kurani. Hayana uhusiano wowote isipokuwa kufanana masikioni.

Swali la Kurani lilituletea mzozo nyumbani. Nyanya yako mzaa baba, Mungu amrehemu, alipoambiwa kwamba unaitwa jina la ua, aliuliza ua hilo limetajwa wapi katika Kitabu. Haikuwezekana kumdanganya. Kinachotajwa ni rehani, mmea wa majani yenye harufu nzuri, katika Sura Ar-Rahman na tena katika Al-Waqi'a, na asumini haimo. Basi yeye akataka uitwe Rehana. Baba yako alikaa kimya siku tatu, kama ilivyo desturi yake mambo yanapochemka kati ya mama yake na mimi. Mwisho nilimwambia mama mkwe wangu kwamba katika kikuba rehani na asumini hufungwa kwa uzi mmoja, na hakuna anayeuliza ipi imekuja kwanza. Alinyamaza. Lakini aliendelea kukuita Rehana mpaka siku aliyofariki, nawe ukawa unaitika.

Kikuba nilikutajia mara nyingi ukiwa mdogo, ila hukukulia Mombasa na nadhani hukunielewa. Ni kifungu kidogo cha majani na maua yenye harufu: rehani, vipande vya mkadi, asumini, mara nyingine waridi au kilua, yote yakafungwa pamoja na kubanwa kwenye nywele au kifuani. Nyumbani kwetu Kibokoni mti wa asumini ulikuwa uani, karibu na birika. Nyanya yako mzaa mama hakuturuhusu kuchuma asubuhi, kwa sababu ua lililokwisha kufunguka limekwisha kutoa harufu yake. Tulichuma alasiri, vitumba vya maua vikiwa bado vimefumba, vyeupe na vigumu kama punje za mchele mnene. Tukavitunga kwenye uzi vikiwa vimefumba vivyo hivyo. Vilifunguka baada ya magharibi, vikiwa tayari kwenye nywele za mtu. Hiyo ndiyo siri yake, kwamba hufunguka mwilini mwa aliyelivaa na si mtini. Kesho yake huwa limegeuka kahawia, halifai. Kitanda cha bibi harusi kilimwagiwa asumini, na malenga wetu, wanapoogopa kumtaja mwanamke kwa jina, humwita ua fulani, na asumini haikosekani katika orodha yao. Kwa hiyo jina hili kwetu halikuanza kuwa la watoto. Lilianza kuwa la kumsifia mtu mzima, ndipo likashuka kwa mabinti.

Ndiyo maana nililipenda. Nilipoolewa Nairobi mwaka 1994 nilikuta harufu nyingi, za makaa, za chapati, za matatu, ila hiyo sikuikuta. Mwaka uliofuata nilichukua tawi Kibokoni, nikalifunga katika kitambaa kilicholoweshwa, nikapanda nalo treni ya usiku, na asubuhi nikalipanda katika mkebe wa rangi mbele ya mlango wetu wa Majengo. Mji huu uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na asumini hupenda joto. Mwezi wa Julai mti ulijikunyata kama mgonjwa. Ulitoa maua kwa mara ya kwanza mwishoni mwa Februari mwaka 1996, saba tu, nawe ulizaliwa wiki iliyofuata. Hicho ndicho kisa kizima, na ni kifupi kuliko sinema.

Kuhusu kuenea kwake hapa Nairobi, ninaweza kukueleza kwa rejista za darasani. Nilipoanza kazi, majina ya maua yaliyojaa yalikuwa Rose, Lily na Violet, majina ya ubatizo yaliyokuja na Waingereza, ambao mwishoni mwa karne ya 19 walikuwa na shauku kubwa ya kuwaita mabinti kwa maua. Kwa Wakikuyu, kwa mfano, mtoto hupewa jina la nyanya au babu yake, kwa hiyo jina la ua liliingia kwa mlango wa kanisa. Yasmin nilimpata kwa wanafunzi wenye asili ya Kihindi kutoka Parklands, na Yasmiin kwa Wasomali wa Eastleigh, ambao huliandika kwa "i" mbili kama wanavyolitamka. Kuanzia miaka ya 2000 wakaanza kuja akina Jasmine, wengi wao watoto wa Kikristo, na mwaka mmoja nilikuwa nao watatu katika darasa moja. Asumini nilimpata mmoja tu katika miaka yote 28, naye alikuwa mwanangu.

Hapo ndipo penye shida yako ya karatasi, na sehemu ya lawama ni yangu. Katika cheti cha kuzaliwa karani aliandika Asumini kama nilivyomtajia herufi kwa herufi. Shuleni mwalimu wako wa kwanza aliona si jina, akaandika Jasmine, nami sikwenda kulirekebisha kwa kuwa niliona ni jambo dogo. Karani mwingine, wakati wa kitambulisho, aliacha "u", ukawa Asmini. Watu watatu walisikia neno moja kwa masikio matatu. Usidhani ni wewe peke yako. Kuna asumini ya porini inayoota Afrika, hapa kwetu pia, ambayo wanasayansi huiita Jasminum fluminense, yaani asumini ya Rio de Janeiro, kwa sababu mtaalamu aliyeipa jina aliikuta Brazili, ilikopelekwa kutoka Afrika, akadhani ni ya huko. Kosa limekaa vitabuni mpaka leo na mmea unaendelea kuchanua.

Hata hivyo pasipoti si mmea, na mtu wa uhamiaji hana subira ya mtaalamu wa mimea. Ushauri wangu ni kwamba usijiandikishe Jasmine. Kufanya hivyo kutakulazimu kuapa hati ya kubadili jina na kuitangaza katika Gazeti Rasmi la Serikali, kisha ubadilishe kitambulisho, benki na kila kitu, ili hatimaye upate jina ambalo wenzako watalihusisha na sinema kwa nguvu zaidi kuliko sasa. Fuata cheti cha kuzaliwa. Kurudisha "u" moja kwenye kitambulisho ni kazi ndogo kuliko kuanza upya, na kwa vyeti vya shule utaapa kiapo mbele ya wakili kwamba Jasmine na Asumini ni mtu mmoja. Nitumie picha ya kila karatasi uliyo nayo, baba yako ana muda wa kuzunguka maofisini, na ukweli ni kwamba anatafuta sababu ya kutoka nyumbani.

Wakikuuliza tena kazini, waambie ni ua, ni la Kiswahili, na lina "u" katikati.

Mti upo. Mkebe ulioza zamani, sasa uko katika beseni la plastiki pembeni mwa lango, na juzi nilihesabu vitumba kumi na vinne. Mdogo wako amevichuma asubuhi, licha ya kukatazwa.

Mimi mama yako.