Kabla Hujampeleka Mgeni Michuki Park

Kila ikikaribia Disemba, jamaa zangu wa Pwani huanza kuniuliza nitawatembeza wapi wakija Nairobi. Wanataka kuona maghorofa, wanataka mahali watoto watakimbia, na hawataki kulipa. Wenyeji wengi hapo wangejibu Uhuru Park. Mimi huwaanzishia John Michuki Memorial Park, bustani iliyo kando ya Mto Nairobi, kati ya Museum Hill na raundabauti ya Globe. Nimekuwa nikiingia bila kutoa hata shilingi.

Ila usije ukamwahidi mgeni makubwa kuhusu hayo maghorofa. Bustani iko bondeni. Ukishuka hadi kwenye vijia vilivyo karibu na maji, utaona vilele vya majengo tu vikichungulia juu ya miti, na majani yakiwa yamenawiri baada ya mvua, hata hivyo vilele utavitafuta. Mwenye hamu ya picha ya kalenda, ile ya jumba la mikutano la KICC zima tangu msingi hadi paa, Uhuru Park ndiko kwake. Ndiko mwanamazingira Wangari Maathai alikosimama kidete mwaka 1989 kuzuia jumba la ghorofa 60 lisijengwe kwenye nyasi. Michuki ni ya kukaa. Tafuta mahali ardhi ilipoinuka, upe mgongo Kipande Road, uso uelekeze kusini, na jiji litakuwa mbele yako, mto ukiwa katikati yenu. Mimi naupenda zaidi mpangilio huo, maji kisha miti kisha vioo na saruji, kwa sababu unakuonyesha mji ulivyokaa: reli ilipofika mwaka 1899 watu walijenga kuizunguka stesheni, na mto ukaachwa uani.

Kwa kuwa unatazama kusini, fikiria jua kabla ya kupanga saa. Sisi tuko karibu na ikweta, kwa hiyo Juni na Julai jua la mchana huwa upande wa kaskazini, nyuma yako, likiyapiga majengo usoni. Huo ndio ungekuwa msimu wa picha, lakini Julai ya Nairobi tunaijua: wingu kutoka asubuhi hadi jioni, na sweta juu. Kuanzia Disemba hadi Februari anga huwa wazi, ila mchana majengo hukuonyesha upande wao wa kivuli. Wageni wa sikukuu nawapeleka kuanzia saa kumi, jua likiwa limeshalala upande wa magharibi na mwanga unaingia kwa ubavu. Huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na giza halikusubiri umalize soda.

Na harufu je? Hilo huulizwa na kila anayeujua Mto Nairobi kwa sifa zake. Ipo. Mto huanzia kwenye kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, na ukifika hapa umeshapita mitaa kadhaa na kupokea majitaka njiani. Lakini bado haujafika soko la Gikomba na mitaa ya mashariki, ambako mzigo huzidi. Kinachoamua ni mvua. Baada ya wiki nyingi za kiangazi maji hupungua na harufu hupanda, kwa hiyo mwisho wa Februari simpeleki mtu mwenye pua nyepesi. Wakati wangu ni mara tu mvua za vuli zikikoma: nyasi mbichi, maji yana nguvu, vumbi limeoshwa hewani. Mvua zenyewe zikinyesha, usikaribie ukingo. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliua watu jijini humu. Ukiona maji yamekuwa mekundu kwa udongo na yanakokota matawi, watoto uwashike mkono, na hiyo selfi ya ukingoni uisahau.

Watoto wakichoka kutazama majengo, waeleze maji haya yanaenda wapi. Mto Nairobi huingia Athi, Athi ikishuka huitwa Galana, kisha Sabaki, nayo Sabaki humwagika baharini kaskazini mwa Malindi. Mjomba wangu wa huko nilipomwambia hivyo alicheka sana. "Kumbe uchafu wenu, mwanangu, ndio huja kwetu," akasema. "Na bado mwaniita mgeni!"

Jina la bustani nalo wageni huliuliza. Kama umewahi kulazimishwa kufunga mkanda ndani ya matatu, au umeona ule mstari wa njano ubavuni mwa gari, John Michuki unamjua: ndiye aliyekuwa waziri wa uchukuzi sheria zile zilipoanza kutekelezwa mwaka 2004. Baadaye akawa waziri wa mazingira na kuanza kusafisha sehemu hii, iliyokuwa jaa. Alifariki mwaka 2012, pakatelekezwa tena, hadi serikali ilipopafufua mwaka 2020. Basi ukikuta mifuko na chupa zimenasa kwenye mizizi, usiwalaumu waliokaa hapo jana tu. Mto huleta taka mpya kutoka juu kila unapojaa.

Ukitoka katikati ya jiji unaweza kwenda kwa miguu. Simu iwe mfukoni unapopita Globe, na mkoba uwe mbele. Ukishaingia unaweza kutulia, ingawa pembe zisizo na watu mimi sizikalii, hata mchana. Kamera ya simu haimshtui mtu. Ukija na kamera kubwa na taa zake, huenda askari akakuuliza kibali. Beba shuka la kukalia, maji na chakula, maana mchuuzi wa njugu unaweza kumkosa siku unayomhitaji. Siku za kazi ni tulivu kuliko Jumapili alasiri, na kama una hiari, chagua Jumanne au Jumatano.

Mgeni akiwa na siku nzima, unganisha na Makumbusho ya Kitaifa, yaliyo juu tu hapo Museum Hill. Ila fuata mpangilio: makumbusho kwanza, mto baadaye. Makumbusho hufungwa saa kumi na moja na nusu jioni, na watoto wakishaanza kutazama nyoka hawatoki upesi. Kiingilio hulipwa kupitia eCitizen, mtandao wa malipo ya serikali, kwa hiyo simu iwe na chaji. Tumieni vyoo vya huko kabla hamjateremka. Mkimaliza bustanini, ondokeni kabla taa za barabarani hazijawaka. Kuvuka Globe na watoto jioni, magari ya Thika Road yakigombania nafasi, mimi siwezi. Hutoka kwa upande wa Museum Hill, nikapandia matatu huko, hata kama kondakta ameshapandisha nauli kwa sababu ya mvua ambayo bado haijanyesha.