Maji meusi na tone linalovuja baada ya kufunga filta mpya

Ndugu, pole kwa usumbufu. Umeuliza kama maji meusi yanayotoka kwenye filta yako mpya ya mkaa ni sumu, na kwa nini chini ya sinki kuna tone lisiloisha.

Weusi huo ni vumbi la mkaa wa ndani ya filta. Halina madhara, ila acha maji yapite kwanza. Kila baada ya muda kinga glasi moja, iweke mbele ya karatasi nyeupe, uangalie. Ukiona hata chembe, endelea kumwaga.

Tone mara nyingi hutokana na ule mpira wa duara unaoziba pale kopo la filta linapofungwa kwenye kifuniko chake. Utoe, futa mfereji wake vizuri (chembe moja ya mchanga inatosha kuvujisha), kisha upake grisi ya silikoni. Usipake vaselini, mafuta yake huharibu mpira. Kaza kwa mkono. Spana hupasua kopo la filta.

Sasa hili nakusihi ulizingatie: mkaa hupunguza klorini, harufu na ladha mbaya, lakini hauui vijidudu. Kama maji yako ni ya kisima au ya mvua, yachemshe hadi yatokote dakika 1 nzima, au dakika 3 ukiwa kwenye mwinuko unaozidi mita 2,000. Na filta ibadilishe kwa muda ulioandikwa na mtengenezaji hata kama maji bado ni meupe, kwa sababu mkaa uliochakaa hufuga bakteria.