Mtoto analetwa deikea ananuka sigara, mimi nafanya hivi

Naulizwa hili swali mara kwa mara na kina dada wenzangu tunaolea watoto majumbani. Asubuhi unampokea mtoto, ukimbeba tu harufu ya sigara inakupiga usoni, iko kwenye nguo, nywele, begi, mpaka kwenye kidoli chake. Wengi wananyamaza, manake mzazi ndo anayelipa na ni ngumu kumwambia mtu mzima kwamba kwake kunanuka. Wengine wanavumilia wee mpaka siku wanalipuka mlangoni mbele ya watu. Nimelea watoto kwangu miaka mingi na naona njia zote mbili zinamuumiza mtoto. Ongea na mzazi ndiyo, ila kabla hujafungua mdomo mhudumie mtoto kwanza.

Na tusichanganye hii ishu na uchafu jamani. Mtoto anaweza kuwa ameogeshwa vizuri, nguo zimefuliwa na kupigwa pasi, na bado ananuka, sababu moshi wa sigara ukishapotea machoni bado haujaondoka. Nikotini na mabaki mengine yanaganda kwenye vitambaa, nywele, ngozi, kuta, viti vya gari, alafu yanarudi hewani kidogo kidogo hata kama aliyevuta alishaenda zake. Moshi wenyewe una kemikali zaidi ya 7,000 na zipo karibu 70 zinazojulikana kuleta kansa. Mwaka 2010 wanasayansi wa maabara ya Lawrence Berkeley kule Marekani walionyesha kwamba nikotini iliyoganda kwenye vitu inaweza kukutana na gesi fulani iliyomo ndani ya nyumba, ambayo hata jiko la gesi linaitoa, ikatengeneza sumu nyingine mpya za jamii ya zile zinazoleta kansa. Sasa fikiria nani anatambaa kwenye kapeti, nani ananyonya kola ya sweta na kutia kila kitu mdomoni, nani anapumua haraka kuliko mimi na wewe. Ni hawa hawa wadogo.

Lakini tuwe wakweli, mtoto mwenye nguo zinazonuka hayuko kwenye hatari sawa na mtoto aliyekaa chumba kimoja na mtu anavuta. Mimi harufu naichukulia kama taarifa, inaniambia kuna mahali huyu mtoto anakaa kwenye moshi, iwe sebuleni, iwe kwenye gari. Na moshi wa kuvutiwa karibu madhara yake kwa watoto yanajulikana, pumu inaamka, masikio yanauma mara kwa mara, kifua hakiishi, na kwa wachanga unaongeza hatari ya kile kifo cha ghafla usingizini. Ripoti ya daktari mkuu wa serikali ya Marekani ya mwaka 2006 ilisema wazi kwamba hakuna kiwango cha moshi wa mwingine ambacho ni salama. Kwa hiyo mtoto akija na hiyo harufu namwangalia zaidi, kifua kinapiga miluzi au la, anakohoa akilala, anavuta vuta sikio, na naandika kwenye daftari lake na tarehe. Hayo maandishi yatakusaidia sana siku ya kuongea na mzazi.

Kwangu watoto wote, nasema WOTE, wana seti mbili za nguo zinazokaa hapa na nazifua mimi mwenyewe. Wakifika tunanawa mikono na uso, tunabadili nguo, zile walizokuja nazo zinaingia kwenye ndoo yenye mfuniko, kila mtoto na yake, jioni wanavaa tena wanarudi nazo. Mabegi yanabaki koridoni, hayaingii chumba cha kulala. Nimeufanya ni utaratibu wa wote ili asiwepo mtoto mmoja anayevuliwa nguo peke yake kila asubuhi wenzake wanamtazama. Nywele napitisha kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, inapunguza. Kumuogesha sikushauri kama mzazi hajakubali, mtoto wa mtu ukimuogesha bila kuambiwa unatafuta ugomvi ambao hauna haja.

Kazi kubwa iko kwenye vile vitu wanavyovipenda. Nilikuwa na binti mmoja mdogo, blanketi lake halimtoki, anachukua ile kona moja anaisugua puani mpaka usingizi unamchukua. Na lile blanketi ndo lilikuwa limebeba moshi kuliko kitu chochote alichokuja nacho. Ukimnyang'anya halali, ukimwachia analala pua imezama kwenye nikotini masaa mawili. Nikamuomba mama yake atafute la pili linalofanana. Siku za mwanzo binti alilikataa, analinusa analitupa, tukavumiliana naye, akawa anayashika yote mawili, mwisho akalizoea lile jipya. La kwake likawa linabaki begini mpaka jioni.

Usimpulizie mtoto pafyumu. Tafadhali. Wala usipulize zile spreyi za kunukisha chumba wala kuwasha vitu vya kuchoma vinukie, maana huo nao ni moshi. Harufu inafunikwa tu, nikotini iko pale pale, na umeongeza kemikali nyingine ambayo inaweza kumbana kifua mwenye pumu.

Kwa upande wa nyumba, fungua madirisha ya pande mbili hewa ipite, kabla hawajafika na baada ya kuondoka. Makochi na kapeti namwagia bekingi soda usiku, asubuhi naifyonza yote kabla mtoto hajakanyaga. Nguo na mashuka nafua na sabuni, kwenye maji ya kusuuza naongeza siki nyeupe kidogo, sababu nikotini ina asili ya alkali na asidi inaisaidia kuachia, alafu naanika juani. Ila siki usije ukaichanganya na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, inatoa gesi yenye sumu, na hapo una watoto ndani. Kuta na milango maji ya moto na sabuni yanatosha. Ukiwa na uwezo wa kununua mashine ya kusafisha hewa, angalia iwe na filta ya HEPA na pia filta ya mkaa, ile HEPA inakamata vumbi la moshi ila harufu ni gesi, inahitaji mkaa. Zile mashine za ozoni wanazosifia eti zinaua harufu achana nazo kabisa, ozoni inaumiza mapafu.

Haya, mzazi sasa. Usiongee asubuhi, ana haraka na atabeba maneno yako siku nzima kazini. Usitume meseji, meseji haina sauti, ataisoma kwa sauti ya hasira hata kama wewe uliandika kwa upole. Mimi huwa naomba dakika kumi jioni mtoto akiwa anacheza mbali, tunakaa chini. Nasema hivi, "Mama, samahani, kuna jambo la afya ya mtoto naomba tusaidiane. Akija asubuhi nguo zake zinakuwa na harufu ya sigara, na nimeona wiki hii amekohoa sana akilala. Sijui inatokea wapi, ndo maana nimeona tuulizane." Basi, alafu nanyamaza nimpe nafasi. Simuulizi kama anavuta. Ukiuliza hivyo atajitetea, na mtu akishaanza kujitetea mtoto anasahaulika.

Utasikia majibu ya kila aina. Wapo wanaoshangaa kweli kweli, na uwaamini, pua ya anayeishi na moshi inauzoea mpaka hausikii tena. Wapo watakaokwambia "mbona navuta nje", na hapo mweleze taratibu kwamba nje ni afadhali kuliko ndani, ila moshi unarudi na nguo na mikono, hata pumzi inaendelea kuutoa dakika kadhaa baada ya sigara kuisha, kwa hiyo awe na koti la kuvutia analoliacha nje, anawe, asubiri kidogo kabla ya kumbeba mtoto. Kwenye gari kushusha kioo hakutoshi, gari lenye mtoto lisivutiwe sigara kabisa, hata siku ambazo mtoto hayumo.

Mama mmoja alikaa kimya muda mrefu alafu akaanza kulia. Anayevuta alikuwa baba mkwe, anavuta sebuleni, na sebuleni hapo hapo ndo mtoto alikuwa analala, na yeye kama mkwe hana mdomo wa kumwambia mzee azime sigara kwenye nyumba ya mzee mwenyewe. Mtu wa hivi ukimpa lekcha kuhusu kansa utakuwa umemsaidia nini? Tulichopanga siku ile ni vitu anavyoweza yeye: godoro la mtoto lihamie chumbani kwake, nguo za mtoto zikae kwenye sanduku lenye mfuniko, zisianikwe sebuleni, na mlango wa chumba ufungwe jioni mzee akiwa anavuta. Na amuombe mumewe aongee na baba yake, sababu hilo ni la mtoto kwa baba. Harufu haikuisha ila ilipungua sana, na kikohozi cha usiku kikatulia. Kuacha sigara simwambii mtu mpaka aliongelee mwenyewe, akiligusa tu namwambia aende kituo cha afya aulizie viraka vya nikotini vya kubandika kwenye ngozi au bablishi za nikotini, vinasaidia.

Kitu kinachoniuma kuliko vyote ni watoto wenzake. Wakifika miaka mitatu minne wanasema wanachokisikia, "wewe unanuka", na yule anayeambiwa anaelewa. Mara nyingi wameiga kwetu, wameona anti amekunja uso wakati anampokea. Kwa hiyo mlangoni uso wako uwe ule ule kwa kila mtoto, mkumbatie kama unavyowakumbatia wengine, kubadili nguo kunafuata. Mzazi mwingine akiuliza mbona mwanangu amerudi na harufu, mjibu kuhusu utaratibu wako wa nguo na usafi, jina la mtoto wa mwenzie lisitoke mdomoni kwako.

Na iweke kwenye mkataba tangu siku ya kwanza, kwa wazazi wote: nguo za kubaki hapa, anayemleta au kumchukua mtoto asivute getini, na hakuna anayevuta ndani ya nyumba hii, wageni wangu na mume wangu wakiwemo. Kama tayari una mtoto mwenye pumu kwenye kundi, mwambie mzazi mpya kabla hajalipa kwamba kwako hilo la moshi halina mjadala, na akiona hawezi kulifuata umsaidie kutafuta mlezi mwingine. Mimi nimeshawahi kukataa kumpokea mtoto kwa sababu hiyo, nilikuwa na mtoto mwingine wa pumu anayetumia inhela tayari, na niliwaambia wazazi wale sababu hiyo hiyo bila kuzunguka.