Wadada wa IT, msikubali kuondolewa kwenye zamu ya usiku

Wadogo zangu mnaomaliza chuo, iwe CoICT pale Kijitonyama, DIT au IFM, wengi mnaniuliza swali lilelile, dada nisome kozi gani nipate kazi. Leo naomba nijibu swali ambalo hamniulizi: ukishaipata hiyo kazi unafanyaje ili usibaki palepale ulipoanzia?

Mana hiki kitu nimekiona kwangu na kwa wadada wengine wengi hapa Dar. Mnaajiriwa pamoja na vijana wa kiume, digrii ileile, mshahara uleule, alafu miezi inapita unakuta wenzako wanaingia kwenye serva, zile kompyuta kuu zinazoendesha mfumo, na wewe unaandika mihtasari ya vikao, unapokea simu za wateja, unatengeneza slaidi za bosi kwa sababu "dada ana mkono mzuri". Na hakuna mtu aliyekaa chini akapanga kukuonea. Bosi anasema kwa roho safi kabisa, huyu anakaa Mbagala, tusimpange usiku, atarudije nyumbani, na wewe unashukuru umehurumiwa. Hapo ndipo kazi yako inapoanza kudumaa.

Ngoja nieleze kwa nini usiku. Mimi nafanya mifumo ya malipo. Tangu M-Pesa ianze Tanzania mwaka 2008 mji huu umezoea kulipa kila kitu kwa simu, luku, maji, ada ya mtoto, malipo ya serikali kwa control number, kwa hiyo huwezi kuzima mfumo saa sita mchana ukasema tunarekebisha. Marekebisho makubwa yanafanyika saa saba, saa nane usiku miamala ikiwa imepungua. Aliyekuwepo ndiye anayeujua mfumo. Anayesimuliwa asubuhi anabaki kusimuliwa.

Mfano mmoja tu. Mteja kanunua luku, kampuni ya simu imeshamkata hela, alafu lile jibu la kusema "imelipwa" linapotea njiani. Mfumo wenu haujui kama hela imetoka au haijatoka. Ukituma tena ombi kama jipya unaweza kumkata mtu mara mbili, usipotuma anakaa giza. Dawa yake kila muamala uwe na namba yake ya kumbukumbu, na kabla ya kurudia mfumo uulize kwanza, namba hii ilishafanyiwa kazi? Hii kitu chuoni utaisoma kwa dakika chache na utaielewa, ila siku unapofungua loji, yaani kumbukumbu za kila kitu mfumo ulichofanya, usiku ukaona hela za watu halisi zimekwama hapo katikati, ukazifuatilia moja moja mpaka zikakaa sawa, hutaisahau, na kwenye intavyuu yoyote utaielezea bila kukariri.

Kwa hiyo mimi niliomba. Sikwenda kulalamika, niliandika barua pepe fupi, naomba niingizwe kwenye zamu ya usiku kama wenzangu, na naomba ofisi iweke usafiri wa kuturudisha sisi wote wa zamu. Bosi akaniita, "Dada, una uhakika? Nyumbani wamekubali?" Nikamwambia, "Bosi, nyumbani tumeshaongea. Naomba tu na kaka zangu hapa tuulizwe maswali yanayofanana." Akanyamaza, akasaini. Na usafiri ulipokuja waliofurahi zaidi ni hao kaka zetu, walikuwa wanalala kwenye viti wakisubiri daladala za alfajiri na hakuna aliyekuwa anasema.

Sasa, kuomba zamu sio kukubali kuumizwa. Someni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, iko kwa Kiswahili. Usiku kisheria ni saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, na kila saa ya usiku ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa saa hiyo. Mwajiri haruhusiwi kumpanga mjamzito zamu ya usiku miezi miwili kabla ya kujifungua, na mama vilevile miezi miwili baada ya kujifungua. Likizo ya uzazi yenye malipo ni siku 84, ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja ni 100, na ukirudi una haki ya mpaka saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Hizi ni haki zako, usiziombe kama unaomba msaada.

Na hapo kwenye kurudi kutoka likizo ya uzazi muwe macho. Ukiwa likizo akaunti zako za serva zinafungwa, na ni sawa, usalama unataka hivyo. Shida ni kwamba siku ya kurudi hakuna anayekumbuka kuzifungua, wiki zinapita, kazi zako zinafanywa na mwingine na wewe unaambiwa pumzika kwanza mtoto bado mdogo. Siku hiyohiyo ya kwanza andika kuomba zirudishwe, kwa maandishi, sio kwa mdomo kwenye korido.

Kingine, jina. Tatizo likitokea na wewe ndiye umelitatua, andika ripoti mwenyewe, kilichotokea, saa ngapi, ulifanya nini, kisitokee tena tufanyeje, na jina lako liwepo. Wale wa kwanza kabisa kuipangia programu kompyuta ya ENIAC kule Marekani walikuwa wanawake sita, na ilipozinduliwa mwaka 1946 hawakutambulishwa. Iliuma kusoma hiyo, na bado inatokea.

Kozi mlizoniuliza nitasema kwa kifupi, Linux (mfumo endeshi wa serva nyingi), SQL (lugha ya kuuliza taarifa kwenye hifadhidata), na lugha moja ya programu muijue vizuri, Python inatosha kuanzia. Laptopu ya mtumba ya Kariakoo yenye RAM ya GB 8 inafanya yote hayo. Wadogo wa sekondari wapelekeni Apps and Girls, wapo hapahapa Dar tangu 2013 na wanafundisha mabinti mambo ya kompyuta.

Na wewe uliyeanza kazi juzi, usisubiri zamu ndio uombe kitu. Wiki hii omba ruhusa ya kusoma loji za mfumo mkuu, kusoma tu, bila kubadilisha chochote. Haivunji kitu, bosi hana sababu nzito ya kukataa, na kila asubuhi kabla watu hawajajaa ofisini unazipitia za usiku uliopita, unaandika usichoelewa, unamfuata aliyekuwa zamu kabla hajaondoka kwenda kulala.