Gololi mbili bila kurudisha: nusu ya jibu imeenda wapi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mfuko una gololi 8: nyekundu 5 na za buluu 3. Natoa moja bila kuangalia, siirudishi, kisha natoa ya pili. Natafuta uwezekano wa kupata rangi mbili tofauti. Nimerudia mara tatu napata 15/56, kitabu kinasema 15/28. Nani kakosea?

Jibu: Marahaba. Kitabu kiko sawa. Hesabu yako nayo si mbovu, ila umeiachia njiani.

Bila shaka ulifanya 5/8 × 3/7 = 15/56. Asili imeshuka kutoka 8 hadi 7 kwa kuwa mfukoni zimebaki saba. Wengi huteleza hapo, wewe umevuka. Lakini hiyo 15/56 ni ya nyekundu kutangulia na buluu kufuata, na swali halikutaja ipi itangulie. Buluu ikitangulia ni 3/8 × 5/7, nayo 15/56. Njia hizi mbili haziwezi kutokea kwa pamoja, basi zijumlishe: 30/56, yaani 15/28.

Siku nyingine chora mti wa uwezekano wenye matawi yote manne, tawi moja kwa kila mpangilio wa rangi. Nyekundu mbili ni 5/8 × 4/7 = 20/56. Buluu mbili ni 3/8 × 2/7 = 6/56. Rangi tofauti, matawi mawili kwa pamoja, 30/56. Jumla 56/56. Kwa jibu lako ungeishia 41/56, ukajua papo hapo kuna tawi limesahaulika. Ndiyo maana mimi sirahisishi sehemu hadi mwisho kabisa: asili zikifanana, kosa halina pa kujificha.

Ukichota zote mbili kwa mkupuo, jibu ni lilelile. Jozi zinazowezekana ni 28, zenye rangi tofauti ni 5 × 3 = 15.

Sasa nikuongezee jambo ambalo wanafunzi wangu hubishana nalo kila mwaka. Gololi ya pili ina uwezekano gani wa kuwa nyekundu, kama ya kwanza hatujaiona? Watu hukimbilia 4/7. Hapana. Jumlisha matawi yanayoishia na nyekundu: 20/56 + 15/56 = 35/56, sawa na 5/8, kama ile ya kwanza. Gololi uliyoifumbata bila kuitazama haijakwambia lolote. Fumbua kiganja: ikiwa nyekundu, ya pili inakuwa 4/7, ikiwa buluu, 5/7. Kwa hiyo matukio haya mawili, ya kwanza kuwa nyekundu na ya pili kuwa nyekundu, ni tegemezi, yaani kujua moja hubadilisha uwezekano wa jingine, ingawa kila moja likitazamwa peke yake lina 5/8 ileile.

Mfuko ungekuwa na nyekundu 5,000 na buluu 3,000, kutorudisha kungekuwa kama si kitu: 4,999/7,999 ni takriban 0.62495, na 5/8 ni 0.625. Kwa gololi nane tu, usithubutu kupuuza.