Kwa nini dawa za kulinda ubongo zinafaulu kwa panya halafu kwa watu zinagoma?

Swali: Daktari, nasoma famasia. Naona dawa kibao zimeokoa ubongo wa panya baada ya kiharusi cha mshipa kuziba, lakini wodini sizioni. Shida ni dawa au ni majaribio?

Jibu: Vyote viwili mdogo wangu, ila mi naanza na majaribio. Panya wa maabara mara nyingi ni kijana, hana presha wala sukari, mshipa anazibwa makusudi na dawa anapigwa muda huohuo, wengine hata kabla ya kuzibwa. Sasa linganisha na mzee wa miaka 70 mwenye presha ya siku nyingi, kalala mzima kaamka upande mmoja umepooza, saa ngapi ilianza hakuna anayejua. Mwaka 2006 watafiti walihesabu tiba 1,026 zilizokuwa zimejaribiwa, 114 zikafika kwa watu, na kinachoniuma ni kwamba hizo zilizofika hazikuwa na matokeo bora kwa wanyama kuliko zilizoachwa.

Upande wa dawa: mshipa ukiziba, katikati seli zinakufa haraka, pembeni yake kuna seli ziko hai ila zimezima, ndo wanaita penumbra. Pale glutameti, kemikali ya kupeleka ujumbe kati ya seli za ubongo, inamwagika, inafungua vipokezi vya NMDA, yaani milango ya seli, kalsiamu inaingia kwa fujo na seli inaanza kujimeng'enya. Dawa nyingi zililenga hapo, lakini dawa inasafiri na damu, na damu ndo haifiki!

Ndo maana tangu 2015, kuvuta bonge la damu kwa katheta (mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa) kulipothibitika, matumaini yamerudi, manake mshipa ukifunguka dawa inapata njia. Nerinetaidi, mojawapo ya dawa za kulinda ubongo, ikajaribiwa hivyo kwa wagonjwa 1,105, majibu yakatoka 2020, kwa ujumla hamna tofauti. Ila wale ambao hawakupewa alteplezi, dawa ya kuyeyusha bonge la damu, walionekana kufanya vizuri, na sababu ilieleweka: alteplezi inaamsha plasmini, kimeng'enya kinachoyeyusha damu iliyoganda, na plasmini inaikatakata nerinetaidi kwenye damu. Wakarudia bila alteplezi, nako faida haikuonekana. Mi iliniumiza kwa kweli, lakini kundi dogo ndani ya jaribio kubwa usilifanye ushahidi.

Kwa hiyo ukishika ripoti ya panya, kabla ya kutazama ukubwa wa kidonda cha ubongo angalia umri wa wanyama, kama walikuwepo majike, dawa ilitolewa saa ngapi baada ya kuziba, na kama aliyepima kidonda alikuwa hajui nani kapewa nini.