NCCK inaweza kumtoa pasta wetu?

SWALI: Habari mhariri. Kanisa letu hapa Nakuru ni memba wa NCCK, lile baraza la kitaifa la makanisa Kenya. Tulifanya harambee ya paa, mwaka wa pili huu hatujasomewa hesabu na ukimuuliza pasta anakuwa mkali. Wazee wengine wanataka twende NCCK wamtoe. Wana nguvu hiyo kweli? Na mbona Wakatoliki hawamo?
Mama Kwaya

JIBU: Mama, pole kwa hiyo stori ya paa, lakini mkifunga safari hadi Nairobi mtamaliza nauli bure. NCCK si askofu wa maaskofu. Ni baraza lililoanza 1943, Waanglikana, Wapresbiteri, Wamethodisti na wengine wengi wamekaa pamoja, na kila kanisa liko na katiba yake na wakubwa wake, kwa hivyo hakuna mtu pale wa kuhamisha pasta wenu hata akitaka. Wakatoliki wana baraza lao la maaskofu, ila mambo yakiwa mazito wanakutana, kama ule muungano wa dini wa Ufungamano wa kudai katiba mpya, hata Waislamu na Wahindu walikuwemo.

Sasa utaniuliza, basi kazi yao ni gani? Mingi, lakini kubwa ni kusema, na usiidharau. KANU, chama kilichokuwa kinatawala, ilipoleta kura ya mlolongo 1986, mnapanga laini nyuma ya wakala ameshika picha ya mgombea, NCCK ilikataa hadharani, maana pasta akionekana kwa laini ya huyu, wa laini ile ingine atawahubiria nini Jumapili? Serikali haikusikia, 1988 watu wakapanga laini na wenye laini fupi wakatangazwa washindi, gazeti la NCCK, Beyond, likaanika huo wizi, likapigwa marufuku na mhariri wake akafungwa.

Si kwamba ni malaika. Baada ya vita vya uchaguzi wa 2007 walikiri wenyewe kwamba waliegemea upande. Halafu 2010 wakapinga katiba mpya juu ya kadhi na kutoa mimba, ikapita na asilimia 67, na wengi waliosema ndiyo ni hao hao wanaokaa kwa viti vyao kila Jumapili. Kama NCCK haiwezi kumpangia muumini kura, itaweza kumtoa pasta?

Nyinyi someni katiba ya kanisa lenu, anzeni na baraza la wazee kwa barua, si kwa mdomo, wakinyamaza pandeni kwa wakubwa wa dhehebu. Kama limesajiliwa kwa Msajili wa Vyama, naye anaweza kuitisha hesabu. Na mbebe risiti zote za harambee, la sivyo mtaambiwa ilikuwa sadaka tu.